Mwezi Uliopatwa Kabla ya Gaugamela: Nyota Zilisema, au Zilisemewa?

Usiku wa Jumapili, Septemba 7, 2025, mwezi ulipatwa wote. Kuanzia kama saa mbili na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki ulikuwa umegeuka rangi ya sufuria ya shaba iliyozeeka, ukakaa hivyo kwa dakika 82. Kesho yake barazani, kabla kahawa haijazunguka mara ya pili, kijana mmoja akatusomea ujumbe uliokuwa ukirushwa kwenye simu. Ujumbe ulidai kwamba mwezi ulipatwa vivyo hivyo kabla ya vita vya Gaugamela, kwamba nyota ndizo zilizomwangusha mfalme wa Waajemi na kumpa ushindi Alexander Mkuu wa Makedonia, na kwamba sasa tukae mkao wa kusubiri kiongozi gani atafuata.

Mzee wetu mmoja akaweka kikombe chini. "Ndivyo, mwanangu. Mwezi haupatwi bure."

Jirani yake akacheka. Kwake yeye kupatwa huko hakukuwapo kabisa. Wagiriki walikutunga baadaye ili kupamba hadithi yao, kama kila mshindi afanyavyo.

Mzee ana robo ya ukweli, na jirani yake ana robo nyingine. Nusu iliyobaki imelala London, katika British Museum, juu ya kibao cha udongo kilichoandikwa Babeli. Lakini kabla ya kukifikia kibao hicho, kuna maneno ya kuweka sawa, maana nusu ya ubishi wa barazani ulitokana na watu kutumia neno moja kwa mambo matatu.

Falaki, ishara, na nyota ya mtu

La kwanza ni falaki, yaani kuhesabu mwendo wa vitu vya angani: mwezi utaandama lini, jua litachwa saa ngapi, kupatwa kutaanza dakika ipi. La pili ni unajimu wa ishara. Hapa kitu kimeonekana angani, na mtaalamu anasema kina maana gani kwa mfalme, kwa nchi, kwa mavuno. La tatu ni unajimu wa nyota ya mtu: umezaliwa saa fulani, nyota yako Simba au Nge au Mizani, kwa hiyo tabia yako hii na bahati yako ile. Huu wa tatu ndio tunaoufahamu zaidi kwenye magazeti na redio, na wengi Tanzania waliujua kupitia utabiri wa marehemu Sheikh Yahya Hussein.

Chukua mfano wa treni. Falaki ni ratiba: treni itafika saa nne. Unajimu wa ishara ni kusema treni ikifika imezima taa, mkuu wa mji atafikwa na jambo. Nyota ya mtu ni kusema kwa kuwa ulizaliwa treni ikiwa stesheni ya tatu, utakuwa mkaidi na utaoa ukiwa umechelewa. Unaweza kuwa bingwa wa ratiba bila kuamini hata neno moja la hayo mawili mengine.

Sasa, mwaka 331 KK, mwaka wa vita hivyo vya Gaugamela, nani alikuwa na nini? Wababeli walikuwa na ratiba, tena nzuri ya kushangaza. Walikuwa na ishara pia, zilizokusanywa katika mkusanyiko wa vibao kama 70 uitwao Enuma Anu Enlil. Nyota ya mtu walikuwa wameianza: vibao vya kale zaidi vya aina hiyo vinavyojulikana ni vya mwaka 410 KK. Jeshi la Alexander lilikuwa na waaguzi wa namna nyingine, wasomaji wa maini ya wanyama wa kafara, wa ndege wanaoruka, wa ndoto. Hakuna anayesimuliwa kambini akimuuliza Alexander nyota yake ni ipi. Ule mchoro wa buruji (zile nyota kumi na mbili za kina Simba na Nge) uliokuja na ujumbe wa simu, wenye kuonyesha nyota ya kila jemadari, ni kumvisha mtu wa kale saa ya mkononi.

Chungwa, tochi na bangili

Washa tochi gizani, iweke mezani: hilo ni jua. Kichwa chako ni dunia. Shika chungwa kwa mkono ulionyooshwa, geuka uipe tochi kisogo, chungwa likiwa mbele ya uso wako. Ukiliinua juu kidogo, mwanga unapita juu ya kichwa na kulifikia lote: huo ni mwezi wa usiku wa kumi na nne. Ukilishusha likae sawasawa ndani ya kivuli cha kichwa, limepatwa. Ndiyo maana mwezi haupatwi ukiwa mchanga. Lazima uwe umejaa, dunia ikiwa katikati.

Mbona basi hatuoni hivyo kila mwezi unapojaa? Kwa sababu njia ya mwezi imeinama kama digrii 5 ikilinganishwa na njia ya jua. Chukua bangili mbili, ingiza moja ndani ya nyingine, kisha uilaze kidogo hiyo moja. Zinapishana sehemu mbili tu. Mwezi ukijaa ukiwa mbali na sehemu hizo, unapita juu au chini ya kivuli. Na wekundu wake si damu ya mtu. Ni mwanga wa jua uliopenya kwenye hewa ya dunia na kupinda, ule ule unaoufanya upande wa magharibi uwe mwekundu jua linapochwa.

Wababeli waliandika matukio ya anga usiku baada ya usiku kwa karne nyingi, wakagundua kwamba kupatwa hujirudia baada ya miezi 223 ya mwandamo, sawa na miaka 18, siku 10 au 11 (kutegemea miaka mirefu iliyopita katikati) na saa 8 hivi. Jaribu mwenyewe: kupatwa kwa Septemba 7, 2025 ni ndugu wa kupatwa kwa Agosti 28, 2007. Huko 2007 hatukukuona, maana kwetu ilikuwa mchana. Zile saa 8 za ziada zinaigeuza dunia theluthi moja, kwa hiyo onyesho linahamia kwa watu wengine.

Kwa ufupi, kupatwa kwa mwaka 331 KK hakukuwashtua wote sawasawa. Ukiwa Babeli na kibao mkononi, ulikuwa unakutegemea. Ukiwa mwanajeshi kutoka milima ya Makedonia, umetoka tu kuvuka mto Tigris wenye maji ya kasi, nchi ya watu, mbele yako jeshi usilojua ukubwa wake, halafu mwezi unaanza kuliwa pembeni, hilo ni jambo jingine.

Usiku wa Septemba 20

Mwezi ulipatwa wote usiku wa Septemba 20, 331 KK. Hili halina ubishi: hesabu za leo zinalikubali, waandishi wa Kigiriki na Kirumi wanalitaja, na Babeli kuna kibao. Kwa kipimo cha buruji za magazetini, jua lilikuwa Mashuke na mwezi Samaki. Jirani wa barazani hapo kakosea.

Kambini, anasimulia mwandishi wa Kirumi Curtius, hofu ilikaribia kuwa uasi. Askari walilalamika kwamba wanaburuzwa mpaka mwisho wa dunia, kwamba mito na hata anga vimewakataa. Alexander akawaita waaguzi wa Kimisri aliokuwa nao. Na hapa Curtius anasema neno ambalo mimi huliona ndilo ufunguo wa kisa chote: Wamisri hao walijua vizuri mwezi hupatwa kwa nini, ila hawakuwafundisha watu wa kawaida. Walichowaambia askari ni kwamba jua ni la Wagiriki na mwezi ni wa Waajemi, kwa hiyo mwezi ukipatwa Waajemi ndio wanaoangamia. Askari wakatulia.

Arrian, mwandishi mwingine, anampa kazi hiyo mwaguzi wa Alexander aitwaye Aristander, aliyesema ishara ni njema na kwamba vita vitapiganwa mwezi huo huo. Alexander mwenyewe akatoa kafara kwa Mwezi, kwa Jua na kwa Dunia. Zitazame hizo tatu tena. Ni tochi, chungwa na kichwa chako. Arrian anaeleza kuwa hivyo vitatu ndivyo vinavyosemwa kusababisha kupatwa. Alexander, mwanafunzi wa mwanafalsafa Aristotle, hakuwa mjinga wa jambo hilo, lakini kafara aliitoa.

Tuhamie Babeli. Huko hawakuhitaji kuulizana jua ni la nani, maana kanuni zilikuwa zimeandikwa karne nyingi nyuma. Ukitaka kujua kupatwa kunamhusu mfalme gani, unaangalia mwezi wa kalenda, zamu ya usiku, upande wa mwezi ulioanza kuingia giza, upepo unavuma kutoka wapi, na sayari zipi zinaonekana. Mshtarii, sayari ya mungu wao Marduk, ikiwa inaonekana wakati wa kupatwa, mfalme yu salama. Isipoonekana, hana kinga.

Shajara ya Babeli, kibao chenyewe cha London, inasema kupatwa kulikuwa tarehe 13 ya mwezi Ululu. Mwezi ulifunikwa wote wakati Mshtarii inatua. Giza lilipokuwa limekamilika, upepo wa magharibi ulivuma. Kwa msomaji wa ishara, huo upepo ni kidole kinachoonyesha upande, na upande wa magharibi ndiko alikotokea Alexander. Kama kuna mtu Babeli usiku ule aliyemhesabia siku zake Darius III, mfalme wa Waajemi aliyetawala na Babeli pia, alikuwa na sababu zote za kitaalamu za kufanya hivyo, kwa kanuni alizozikuta.

Hii ndiyo robo ya ukweli ya mzee wetu. Kwa kanuni za Babeli ishara ilikuwa mbaya kwa mfalme aliyetawala Babeli, naye akashindwa kweli.

Ufunguo mmoja, milango miwili

Ila tusiende haraka. Ile kauli ya Wamisri, jua la Wagiriki na mwezi wa Waajemi, ilikuwa na historia. Mwanahistoria wa Kigiriki Herodotus anasimulia kwamba Xerxes, mfalme wa Waajemi, alipokuwa akianza safari ya kuivamia Ugiriki mwaka 480 KK, jua lilipatwa. Akawauliza makuhani wake. Wakamjibu kwa ufunguo ule ule: jua huwatabiria Wagiriki, mwezi hututabiria sisi, basi miji ya Wagiriki ndiyo itakayotoweka. Xerxes akafurahi, akaendelea, na jeshi lake la majini likavunjwa Salamis, huko huko Ugiriki, mwaka huo huo.

Yaani ufunguo mmoja, mara ya kwanza umekosea, mara ya pili umepatia. Na mara zote mbili ulimfurahisha aliyeuliza, ambaye ndiye mwenye chakula na mishahara. (Juu ya hapo, hesabu za falaki hazioni kupatwa kwa jua mahali hapo majira ya kuchipua ya 480. Kwa hiyo jirani yetu mbishi naye ana robo yake: visa kama hivi vilitungwa au kuhamishwa. Ila si hiki cha Gaugamela.)

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha Syracuse, huko Sicily. Agosti 27, 413 KK, jeshi la Athens lilikuwa limeshindwa kuuteka mji huo, limeshafunga virago, meli zimeandaliwa kuondoka kwa siri. Mwezi ukapatwa. Jemadari Nicias, mtu mcha ishara kupita kiasi kwa maneno ya mwanahistoria Thucydides, akasikiliza waaguzi waliosema wasubiri mara tatu siku tisa, yaani siku 27, akakataa hata kujadili kuondoka. Mwaguzi wake aliyemzoea, Stilbides, aliyekuwa akimpunguzia woga wa namna hiyo, alikuwa amefariki muda mfupi kabla. Adui wakaifunga bandari. Meli zikapotea, askari wakakimbia kwa miguu, Nicias akauawa, na mateka wasiopungua 7,000 wakatupwa kwenye machimbo ya mawe, jua mchana na baridi usiku. Baadaye mtaalamu mmoja wa ishara, Philochorus, alisema kwa watu wanaotoroka ishara ile ilikuwa njema kabisa: anayejificha anataka nini zaidi ya giza?

Mwezi ule ule, giza lile lile. Alexander alipata wasemaji waliowaambia askari waende, Nicias alipata waliowaambia wakae. Nyota hazikuongea katika kambi yoyote. Zilisemewa, na tofauti ya msemaji ikawa tofauti kati ya ushindi na machimbo ya mawe.

Kilichoamua vita chini

Gaugamela ni uwanda wa kaskazini mwa Iraki ya leo, kati ya Mosul na Erbil. Darius aliuchagua kwa makusudi, akausawazisha ili magari yake ya farasi yenye miundu, kama 200, yapite bila kugonga kilima. Alexander alikuwa na askari wa miguu kama 40,000 na wapanda farasi 7,000. Jeshi la Darius lilikuwa kubwa zaidi, ingawa ile milioni inayotajwa na Arrian ni ya kumeza na maji.

Kuna kazi moja ambayo mwezi uliifanya kweli, na haina mwaguzi ndani yake. Ukijaa Septemba 20, basi usiku wa kuamkia Oktoba 1 umebaki kipande chembamba kinachochomoza usiku umekwenda sana. Giza, kwa hiyo. Jemadari mzee Parmenion akashauri washambulie usiku. Alexander akakataa, akisema haibi ushindi, akaenda kulala, akalala mpaka wakamwamsha. Upande wa pili Darius, akiogopa shambulio la usiku ule ule, aliwaweka watu wake wamesimama na silaha usiku kucha. Asubuhi wakakutana waliolala na waliokesha.

Kisha Alexander akaanza kusogea upande wa kulia, akielekea nje ya ardhi iliyosawazishwa. Wapanda farasi wa Waajemi wakamfuata kumzuia, na kwa kumfuata wakaacha pengo katikati ya safu yao. Alexander akaligeukia pengo hilo kama kabari, moja kwa moja kwa Darius. Magari ya miundu yalifunguliwa njia, yakapita, farasi wakakamatwa huko nyuma. Upande wa kushoto Parmenion alikuwa anakaribia kuzidiwa, lakini katikati mambo yalikuwa yamekwisha.

Na hofu je, si ndiyo ishara iliyofanya kazi? Huenda, ila kibao kina jambo la kumkwaza mwenye kudai hivyo. Kinaandika kwamba hofu ilizuka kambini kwa mfalme tarehe 11 Ululu, siku mbili kabla mwezi haujapatwa. Kilichowatisha kilikuwa tayari duniani, kinakuja kwa miguu. Kibao kinatofautiana na Wagiriki kwa jambo jingine pia: wao husema Darius alikimbia akaacha jeshi lake, ilhali shajara inasema askari wake ndio waliomwacha, wakarudi mijini kwao.

Juu ya kiongozi atakayefuata, hesabu ni rahisi. Kwa mtu anayekaa mahali pamoja, kupatwa kwa mwezi wote huonekana kwa wastani kila baada ya miaka miwili na nusu. Wafalme, marais na majemadari ni wengi. Daima kutakuwa na aliyeanguka karibu na tarehe, nasi tutamkumbuka huyo na kusahau miezi iliyopatwa kukawa kimya. Mzee wetu alikuwa safu ya mbele kwenye sala ya kupatwa usiku ule, na nilimkumbusha kwa adabu Hadithi aliyotusomesha mwenyewe. Ibrahim, mwana wa Mtume, alipofariki, jua likapatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili yake. Mtume akawaambia jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Mzee akanitazama kitambo, akaniagizia kahawa.

Baada ya vita

Alexander aliingia Babeli bila kupigana, na elimu ya Babeli ikaanza kutoka. Karne zilizofuata, kumbukumbu za kupatwa zilizoandikwa huko zilichanganywa na jiometri ya Wagiriki. Ptolemy, mtaalamu wa falaki wa Alexandria, karne ya 2 BK, alitumia ripoti za Babeli zinazorudi hadi 721 KK. Waarabu wakakitafsiri kitabu chake, na kwa mkono wao majina ya Zohali, Mshtarii, Mirihi, Zuhura na Utaridi yakafika pwani yetu. Nyota ya mtu, ile ya magazetini, ilikomazwa katika safari hiyo hiyo, muda mrefu baada ya Gaugamela.

Wababeli walikuwa na dawa ya ishara mbaya. Mfalme akitishwa na kupatwa, walimweka mtu mwingine kwenye kiti chake hadi siku 100 ili balaa limpate yeye, kisha wakamuua. Mwaka 323 KK, Alexander akiwa Babeli, mtu asiyetarajiwa alikutwa ameketi kwenye kiti chake cha enzi, na wapo wanahistoria wanaoona hapo mkono wa waaguzi waliokuwa wakijaribu kumwokoa.

Waandishi wa shajara hawakuacha kazi. Waliendelea kupanda kila usiku kuangalia anga, wakiandika sayari, kina cha mto, bei ya shayiri na tende kwa kipimo cha fedha. Mwaka huo huo, tarehe 29 ya mwezi Ayyaru, yaani Juni 11, waliandika kwamba mfalme amekufa. Mfalme huyo ni Alexander. Kuhusu nyota za siku hiyo hawakuwa na la kuandika: anga lilikuwa na mawingu.